Milioni 303 na bado hasara: kuzisoma filamu za uvamizi kutoka angani

Mwaka 2012 studio ya Universal ilitoa Battleship: manowari za Marekani zinapambana na viumbe wa sayari nyingine kwenye maji ya Hawaii, Rihanna akiwa miongoni mwa mabaharia. Bajeti iliyotajwa ilikuwa dola milioni 209. Tiketi zilizouzwa dunia nzima zilifika kama dola milioni 303. Kwa hesabu ya dukani, mwenye mali ametia mfukoni milioni 94. Kwa hesabu ya sinema, filamu hiyo imo kwenye orodha ya hasara kubwa za muongo ule.

Miaka mitatu kabla yake ilitoka District 9, iliyopigwa Soweto na mwongozaji kijana, Neill Blomkamp, kwa dola milioni 30 hivi. Iliingiza kama milioni 210, pungufu kabisa ya Battleship, na hakuna aliyeiita hasara. Iliteuliwa kuwania Oscar nne, ikiwemo ya filamu bora.

Hapo ndipo watu wanapokorofishana vijiweni. Mmoja anasema filamu imevunja rekodi, mwenzake anasema imebuma, wa tatu anatoa simu na kuonyesha asilimia. Huenda wote wako sahihi, maana kila mmoja ameshika kipimo chake, na vipimo hivyo huchukuliwa kwa watu tofauti, siku tofauti.

Pesa ya tiketi inakwenda wapi

Anza na pesa ya dirishani. Haiendi yote studio. Marekani na Kanada, mwenye jumba la sinema hubaki na karibu nusu ukijumlisha muda wote filamu inapoonyeshwa. Filamu yenye nguvu huweza kudai zaidi wiki za mwanzo, kisha mgao huegemea upande wa jumba kadiri wiki zinavyosonga. Nje ya huko studio hupata wastani wa kama asilimia 40, kwa sababu kuna kodi na kuna wasambazaji wa kila nchi wanaokata chao. China ndiyo ngumu kuliko zote: filamu ya kigeni inayoingia kwa mkataba wa mgao huirudishia studio asilimia 25, kiwango kilichowekwa kwenye makubaliano ya China na Marekani ya mwaka 2012.

Rudi sasa kwa Battleship. Nyumbani iliingiza takriban milioni 65. Nusu yake ni kama 33. Nje iliingiza kama milioni 238. Asilimia 40 yake ni 95. Studio imeshika milioni 128 kwa filamu iliyogharimu 209, na matangazo hayajaguswa.

Matangazo ndiyo gharama inayosahaulika kuliko zote. Bajeti inayotajwa inahesabu waigizaji, seti, kamera na picha za kompyuta mpaka filamu inakamilika. Mabango, trela, nafasi za televisheni na safari za waigizaji kwenda kuhojiwa vina mfuko wao, na kwa filamu ya msimu wa kiangazi inayofunguliwa dunia nzima mfuko huo unaweza kuvuka dola milioni 100. Upande wa pili kuna pesa za baadaye: diski, televisheni, huduma za kutazama mtandaoni. Mikataba hiyo haianikwi hadharani, kwa hiyo watu wa biashara hii wana kanuni ya haraka: zidisha bajeti kwa mbili na nusu, na hapo ndipo filamu kubwa inapoanza kupumua. Battleship ilihitaji zaidi ya milioni 520.

Kanuni hiyo isishikwe kama msahafu. Filamu iliyouza sana China huipendelea isivyostahili, na iliyouza sana Marekani huionea. Halafu bajeti yenyewe huweza kutajwa kabla au baada ya kuondoa nafuu ya kodi ambayo majimbo na nchi huwapa watayarishaji, na tofauti hapo inaweza kuwa makumi ya mamilioni. Ukiona filamu ile ile inatajiwa bajeti mbili, hiyo huwa mojawapo ya sababu.

Wikiendi ya kwanza hununuliwa

Tarehe 28 Januari 1996, katikati ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, Wamarekani waliona Ikulu yao ikilipuliwa kwa mwale ulioshuka kutoka kwenye chombo kilichofunika anga. Lilikuwa tangazo la Independence Day ya Roland Emmerich, na filamu yenyewe ilikuwa bado miezi mitano. Picha ile moja ndiyo iliyouza. Baadaye filamu iliingiza kama dola milioni 817 duniani kwa bajeti ya 75.

Filamu za uvamizi zinafaa kutangazwa hivyo kuliko karibu aina nyingine yoyote. Huhitaji kumjua mhusika wala kuelewa kisa. Jengo unalolijua linabomoka, umeshaelewa. Ndiyo maana wikiendi ya kwanza inapima zaidi nguvu ya trela kuliko ubora wa filamu, kwa kuwa wengi walionunua tiketi hawajasikia neno la mtu aliyeitazama. Kuanzia Jumatatu watu huanza kuambiana, na hesabu zinazofuata ndizo zenye sauti yao.

Kipimo cha sauti hiyo ni rahisi. Chukua mapato yote ya Marekani na Kanada, gawanya kwa mapato ya wikiendi ya ufunguzi. Ukipata chini ya 2.5, waliokwenda hawakuwahimiza wenzao. Ukipata 3 na kitu, filamu imependwa vya kutosha. Ukifika 4 kwa filamu kubwa ya zama hizi, kuna jambo limetokea.

Kuna mtego hapa, na Independence Day yenyewe ndiyo mfano wake. Iliingiza milioni 306 nyumbani, na wikiendi yake ya kwanza ni milioni 50. Gawanya, unapata 6, namba ya kushangaza. Lakini ilifunguliwa Jumatano ya tarehe 3 Julai, na maonyesho ya awali yalikuwa Jumanne jioni. Hadi Jumapili ilikuwa imeshakusanya kama milioni 96. Mashabiki wenye haraka walikwisha kuingia kabla Ijumaa haijafika, hivyo wikiendi inaonekana ndogo na jibu linavimba. Ukigawanya kwa 96 unapata 3.2, namba nzuri na ya kweli zaidi.

Mwendelezo wake, Independence Day: Resurgence, ulitoka Ijumaa ya tarehe 24 Juni 2016 bila Will Smith, kwa bajeti ya milioni 165. Siku hizi mapato ya Alhamisi jioni huchanganywa ndani ya wikiendi, kwa hiyo mtego unageuka upande wa pili: ufunguzi unavimba. Uliingiza milioni 41 wikiendi ya kwanza, na mwisho wa safari ukafika 103. Jibu ni 2.5. Wikiendi ya pili ulishuka hadi kama milioni 17, anguko la asilimia 59.

Bado kulinganisha dola za 1996 na za 2016 ni kumdanganya msomaji. Wastani wa bei ya tiketi Marekani mwaka 1996 ulikuwa dola 4.42, mwaka 2016 ulikuwa 8.65. Gawanya, na unaona filamu ya kwanza iliuza karibu tiketi milioni 69 nchini mwake, ya pili kama milioni 12. Pengo la dola ni mara tatu. Pengo la watu ni karibu mara sita.

Anguko la wikiendi ya pili nalo linahitaji akili. Asilimia 50 hadi 60 ni kawaida kwa filamu kubwa yenye mashabiki wa tangu zamani, kwa sababu wao hujazana siku ya kwanza. Mwezi Juni 2014 The Fault in Our Stars, filamu ya mapenzi iliyotokana na riwaya ya vijana, ilifungua kwa milioni 48 na wikiendi ya pili ikaanguka kwa asilimia 69. Bajeti yake ilikuwa milioni 12 tu, kwa hiyo hakuna aliyelia. Iliyolia ni filamu ya uvamizi iliyofunguliwa siku ile ile, na hiyo tutaifikia.

Herufi na asilimia

CinemaScore ni kampuni ya Las Vegas iliyoanzishwa na Ed Mintz mwishoni mwa miaka ya 1970. Usiku wa ufunguzi watu wake husimama kwenye majumba ya sinema ya miji michache ya Amerika Kaskazini na kumpa kila mtazamaji kadi: toa alama kuanzia A hadi F, taja umri, jinsia, na kilichokuleta. Wanaojibu ni watu waliolipa wenyewe usiku wa kwanza, yaani walioisubiri. Mtu wa namna hiyo hutoa A kwa wepesi. Kwa filamu kubwa ya vitendo, B ni onyo, na C ni msiba. Independence Day ilipata A. Resurgence ilipata B, na Battleship pia B. Skyline ya mwaka 2010, filamu ya bei ndogo ambayo viumbe wake walinyonya watu kwa mwanga wa samawati juu ya Los Angeles, ilipewa D-.

Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, ni kitu kingine kabisa, na watu huisoma vibaya kila siku. Asilimia yake ni idadi ya wahakiki waliosema filamu inafaa. Haisemi inafaa kiasi gani. Wahakiki 100 wakisema kwa unyonge kwamba si mbaya, filamu inapata 100. Wakigawanyika, 60 wakiiita ya ajabu na 40 wakiichukia, inapata 60. Filamu salama isiyomkera mtu huipita filamu ya kishujaa. Alama ya watazamaji kwenye ukurasa huo huo nayo ilibadilika mwaka 2019, walipoanza kutenga kura za watu waliothibitishwa kununua tiketi, kwa hiyo usilinganishe alama ya watazamaji ya filamu ya 2012 na ya filamu ya leo kana kwamba zimetoka kwenye mzani mmoja.

Kwa kufuatilia filamu moja, mpangilio unaofaa ni huu: herufi hutoka usiku wa Ijumaa au Jumamosi, ufunguzi hukadiriwa Jumapili na namba kamili kutoka Jumatatu, anguko huonekana Jumapili inayofuata, kugawanya kunapata maana kuanzia wiki ya nne. Mabishano mengi hufanyika siku tatu za kwanza, wakati ambapo karibu kila kilichopo mezani ni makadirio.

Na madai kuhusu mwitikio wa watu kwa hadithi za uvamizi yana historia ndefu ya kutiwa chumvi. Kila mtu amesikia kwamba usiku wa tarehe 30 Oktoba 1938 Marekani nzima ilikimbia nyumba zake kwa mchezo wa redio wa Orson Welles kuhusu uvamizi wa viumbe wa Mars. Uchunguzi wa simu uliofanywa usiku ule na kampuni ya Hooper ulipata kama asilimia 2 tu ya waliopigiwa wakiusikiliza. Magazeti, yaliyokuwa yakinyang'anywa matangazo ya biashara na redio, ndiyo yaliyokuza hofu. Quito, Ecuador, hali ilikuwa tofauti: mwezi Februari 1949 mchezo kama huo ulipogundulika kuwa uzushi, umati wenye hasira ulichoma kituo cha redio na watu wakafa.

Wanachosamehe na wasichosamehe

Namba zinasema watu waliipenda au hawakuipenda. Hazisemi kwa nini. Kwa filamu za uvamizi sababu hujirudia, na nyingi ziko kwenye sehemu mbili: ukubwa wa kitisho, na namna adui anavyoshindwa.

Mfano unaotajwa sana ni kirusi cha kompyuta. Kwenye Independence Day, David Levinson, mhusika wa Jeff Goldblum, anaingiza kirusi kwenye chombo mama kwa kutumia kompyuta ndogo ya Apple. Watu wameucheka mpango huo kwa miaka mingi, na wanaendelea kuipenda filamu. Upuuzi wake unasameheka kwa sababu umeandaliwa: tangu mwanzo David ndiye aliyegundua kwamba maadui wanatumia satelaiti za binadamu kupelekeana ishara, na chombo kimoja chao kimekuwa mikononi mwa serikali kwa miongo. Mtazamaji hadai sayansi sahihi. Anadai silaha ya mwisho iwe imeshaonekana, hata kwa kupita, kabla ya steringi kuihitaji.

War of the Worlds ya Spielberg, 2005, inaonyesha upande wa pili. Adui anakufa kwa vijidudu, kama alivyoandika H. G. Wells kwenye riwaya ya 1898. Ni mwisho halali, na ni wa mwenye hadithi. Tatizo ni kwamba Tom Cruise anakimbia saa moja na nusu halafu ushindi unakuja bila mkono wake. Lalamiko jingine kubwa ni kijana wake, aliyepotelea kwenye moto wa vita na kutokea mzima mlangoni kwa bibi yake huko Boston. Watu walikubali majitu ya miguu mitatu. Hawakukubali yule kijana kurudi bila maelezo.

Kuhusu ukubwa, Resurgence ilifanya kosa linaloonekana la kimantiki: kama kubwa liliuza, kubwa zaidi litauza zaidi. Vyombo vya 1996 vilikuwa na upana wa kama kilomita 24, na kimoja kilitosha kufunika jiji. Chombo cha 2016 kina kipenyo cha maili 3,000, karibu kilomita 4,800, na kinatua juu ya Atlantiki. Jicho haliwezi kushika kitu hicho. Kilomita 24 zina ukingo, zina kivuli kinachopita juu ya mtaa, na mtu aliyesimama barabarani anaweza kukiangalia. Kilomita 4,800 ni ramani.

Ufundi nao umo. Ikulu ya 1996 ilikuwa modeli ya uwiano wa 1 kwa 12 iliyojazwa baruti na kupigwa na kamera kadhaa kwa pamoja. Kitu kidogo huanguka haraka kuliko kikubwa kwa macho, kwa hiyo kamera lazima ikimbie: chukua kipeuo cha pili cha uwiano, hapa kipeuo cha pili cha 12 ni kama 3.5, zidisha kwa fremu 24 za kawaida, unapata fremu 83 hivi kwa sekunde. Kwa milipuko mafundi hupanda juu zaidi ya hapo. Ikichezwa kwa kasi ya kawaida, vipande vinaanguka kwa uzito wa jengo halisi. Moto uliofagia mitaa ulipigwa kwa ujanja mzuri zaidi: mtaa wa modeli ulisimamishwa wima, kamera ikawekwa juu ikitazama chini, moto ukawashwa kwa chini. Moto hupanda wenyewe, na kwenye skrini unaonekana ukiviringika barabarani kuelekea kwa mtazamaji.

Picha za kompyuta zinaweza kufanya hayo yote na zaidi, na zinapokosea, hukosea mahali pale pale. Chombo cha kilomita kadhaa kinakatiza skrini kwa sekunde mbili, na ubongo unakisoma kama kitu cha kuchezea. Hewa kati ya kamera na chombo haina ukungu, hivyo umbali unapotea. Kamera inaruka mahali ambapo hakuna mtu angeweza kusimama, na hofu inapungua, kwa sababu mwenye kuogopa hayupo pale. Spielberg mwaka 2005 aliiweka kamera yake karibu wakati wote kwenye kimo cha binadamu, na hapo ndipo nguvu ya filamu ile ilipotoka, kwa maoni yetu, kuliko kwenye majitu yenyewe.

Ile iliyolia Juni 2014 ni Edge of Tomorrow ya Doug Liman. Bajeti milioni 178, wahakiki takriban tisa kati ya kumi waliisifu, wikiendi ya kwanza ikaleta milioni 29 tu. Hapa mtambo wa matangazo ndio ulioshindwa: jina halikusema lolote, na trela haikueleza kwa urahisi askari anayekufa na kuamka siku ile ile tena na tena. Waliokwenda waliwaambia wengine. Anguko la wikiendi ya pili lilikuwa asilimia 43, na kugawanya kunatoa 3.5, bora kuliko Resurgence kwa mbali. Dunia nzima ilifika kama milioni 370, chini ya mara mbili na nusu inayotakiwa. Ilipotoka kwenye diski, maneno Live Die Repeat yalichapishwa makubwa kuliko jina lake.

Wasiohesabiwa

Kuna mwitikio usioingia kwenye kipimo chochote kati ya hivyo. District 9 ilisifiwa Ulaya na Marekani kwa kuutumia uvamizi kuzungumzia ubaguzi wa Afrika Kusini. Nigeria ilionekana vingine: wahalifu wa filamu hiyo ni Wanigeria walaji wa nyama ya viumbe, na kiongozi wao anaitwa Obesandjo, jina lililokaribia mno la aliyekuwa rais wa nchi hiyo. Septemba 2009 waziri wa habari Dora Akunyili aliyataka majumba ya sinema yaache kuionyesha na kampuni ya Sony iombe radhi.

Na kuna vibanda umiza vya Tanzania, mabanda ya video ya Kenya na Uganda. Huko filamu hupita kwa msimuliaji kwanza: Lufufu Dar es Salaam, DJ Afro Kenya, VJ Jingo Kampala. Sauti ya filamu inashushwa, maikrofoni inafunguliwa, na msimuliaji anatafsiri, anawapa wahusika majina ya mtaani, anaeleza kinachokuja, anamkejeli jenerali mwoga. Shimo la kisa ambalo mhakiki wa New York angelitolea aya mbili, yeye huliziba kwa sentensi moja, au hulifanya kichekesho. Filamu anayoipenda mteja wa kibanda ni ile iliyosimuliwa, na anaweza kukataa kuitazama bila sauti ile. Kiingilio anacholipa mlangoni hakifiki kwenye jumla ya dunia nzima ya studio yoyote.